Ile Feni Ilitakiwa Kuvuta

Kabla sijasema kilichonikasirisha lazima nieleze gari, na kabla sijaeleza gari ni haki mjue kwamba mimi sina gari, sijui kuendesha, na kwa maoni ya mama yangu hata kutembea sijui vizuri. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa kwetu Galbet, mjini Garissa, nimetoboa dirisha kwenye ukuta wa nyumba, nikalitia nondo, nikaliita duka. Nyuma ya dirisha kuna sukari, majani ya chai, sabuni, mkeka, mto, na mimi. Wateja huja, mimi siendi kwa mtu. Mama husema Mungu alimjalia wana wawili, mmoja wa kutembea na mmoja wa kuushikilia ukuta usianguke.

Yule wa kutembea ni mdogo wangu. Ni fundi wa magari, na kazi yake kubwa ni pikapu zinazoleta maziwa ya ngamia kutoka Bura na zile zinazopakia bidhaa kwenda Hulugho. Njia za huko zinakula turbo kama mbuzi anavyokula katoni. Vumbi linaingia, jua linapiga, dereva anakanyaga kwa sababu maziwa hayamngoji mtu, na mwisho wa yote gari linaletwa likivutwa kwa kamba mpaka kwa ndugu yangu. Ndivyo alivyopata jina. Ukisema hapa mjini "yule wa turbo," hakuna atakayekuuliza yupi.

Kwa msomaji aliye kama mimi: turbo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili injini ipumue kuliko ilivyojaliwa. Lakini hewa ikibanwa inapata moto. Shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi, utanielewa. Na hewa ya moto ni chakula kibovu cha injini. Nguvu inapungua, na ukilazimisha, injini inaanza kugonga kwa ndani kama mtu aliyefungiwa chooni. Kwa hiyo kati ya turbo na injini wanaweka intakula, kitu kama rejeta ndogo, hewa ipite humo ipoe kwanza. Sasa intakula nayo inataka upepo wake. Ugomvi wote ninaotaka kuusimulia umo katika swali hilo moja: upepo utautoa wapi?

Mwenye gereji mmoja wa Nairobi alikuja huku na mzigo, pikapu yake ikamfia kando ya mto, mdogo wangu akaifufua. Yule bwana akasimama pale akimwangalia, halafu akamwambia, "Mimi nina gari moja kule, mafundi wangu wote limewashinda. Njoo ulione." Mdogo wangu hakulala siku hiyo wala hakutuacha tulale.

Lilikuwa gari la Kijapani la viti viwili, dogo, limekaa chini kama mtu anayetafuta sindano. Halikuwa la barabarani. Yule bwana alilinyofoa zulia, redio na kila kilichokuwa na starehe, akabakiza usukani na kelele, apate kwenda nalo kwenye uwanja wa mbio kuzunguka na wenzake. Injini yake haikuwa mbele. Ilikuwa katikati, nyuma ya mgongo wa dereva. Gari la kawaida linapokea upepo puani, injini na intakula zinapoa bila shukrani. Hili injini yake ilikuwa imejificha nyuma ya ukuta, kivulini, dunia ikipita nje kwa kasi nayo haina habari. Nilipoelezwa hivyo nililipenda gari lile palepale. Tulikuwa wa tabia moja.

Mafundi wa gereji walikuwa wameijaribu intakula juu ya injini, kwenye kifuniko cha nyuma, na mdomo wa bati uliosimama kunasa upepo. Kwa picha ilipendeza sana. Kwa kazi, ilikuwa kama kuweka maziwa yapoe juu ya jiko, maana moto wote wa injini unapanda hapohapo. Wakaihamishia mbele kabisa, wakapitisha mabomba marefu chini ya tumbo la gari. Hewa ikapoa kweli, lakini ilikuwa na safari ndefu mno. Mdogo wangu alisema, "Ukikanyaga leo, gari linaondoka kesho."

Yeye akaenda, akakaa huko wiki kadhaa, akaiweka pembeni. Upande wa kushoto, nyuma ya mlango, mahali ambapo mwili wa gari una tundu la kuvutia hewa. Mafundi walimwambia hapo pamejaribiwa zamani na hapafai. Akawaambia hapafai kwa sababu mliacha nafasi pembezoni. Akaitengenezea intakula sanduku la alumini, limeziba kila upande, hewa ikishaingia isiwe na pa kupita isipokuwa katikati yake.

"Hewa ni mvivu, aboowe," aliniambia kwa simu. Nyumbani tunazungumza Kisomali, na aboowe ni kaka, kwa hiyo hapa namtafsiri. "Ukiipa njia ya kuzunguka, itazunguka."

"Haina makosa," nikasema. Nilikuwa nimelala.

Kulibaki jambo moja. Tundu la pembeni halipigwi na upepo usoni. Linapata ule unaoteleza kwenye mlango tu, tena kwenye kona, gari likienda polepole, hata huo haupo. Kwa hiyo nyuma ya intakula, pale hewa inapotokea chini mbele ya gurudumu, alitaka kufunga feni ya umeme. Isiwe mbele ya intakula ikipuliza, maana hapo ingeuziba mdomo. Iwe nyuma, ivute.

Kabla hajaifunga, presha ya mama ikapanda, akaacha kila kitu akaja nyumbani. Mama akapona alipomwona tu mlangoni, kama ilivyo desturi ya presha ya mama. Lakini hakumruhusu kuondoka. "Umekuwa mfupa," alimwambia, na kila alipotaja safari, presha ilirudi.

Basi gereji wakapiga simu. Siku ya mbio imekaribia, feni iko juu ya meza, tuifungeje? Mdogo wangu alikuwa chumbani kwangu, amekaa ukingoni mwa mkeka wangu, anakunywa chai yangu. Akabonyeza simu akarekodi ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, kumpelekea fundi wa kule. Nilisikia kwa masikio yangu mawili:

"Ile feni ya nyuma ya intakula, ivute. Isisukume. Ivute tu, basi, usiongeze kitu ingine."

Nikamwambia, "Umeeleza vizuri. Mafupi na yanaeleweka." Mimi ndiye mwenye kidato cha nne katika nyumba yetu. Yeye aliishia njiani, kazi ya magari ikamchukua. Kwa hiyo neno langu kuhusu Kiswahili lilikuwa kama muhuri.

Siku ya mbio alikaa na simu mkononi toka asubuhi. Ilipolia ilikuwa ni yule bwana mwenyewe, na hakuanza na salamu. Nikaelekeza sikio.

"Wewe! Umeniua! Gari limezunguka kidogo tu, nguvu zote zimekwisha! Nimepitwa na kagari ka kupeleka watoto shule! Injini inagonga, nimelitoa uwanjani kwa aibu!"

"Bwana, feni inazunguka?"

"Feni gani? Si ulisema itolewe!"

"Mimi? Sijasema."

"Ulisema! Mafundi wangu wako hapa, na ujumbe wako uko hapa!"

Akauchezesha ule ujumbe karibu na simu. Sauti ya ndugu yangu ikarudi kwetu kutoka Nairobi: ile feni ya nyuma ya intakula, ifute. Isisukume. Ifute tu, basi, usiongeze kitu ingine.

Sikuelewa. Wallahi sikuelewa, maana bado nilisikia vilevile kama mwanzo. Ni yule fundi wa kule aliyetueleza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Buda, si ulisema niifute? Nikaifuta. Nikatoa feni, nikaziba hilo tundu lake na bati, nikaacha kama ulivyosema, sikuongeza kitu."

Wakafuta feni. Kama neno ubaoni. Halafu wakaziba mahali hewa inapotokea, kwa hiyo ile iliyoingia ikakaa humo ndani ya sanduku, imefungiwa pamoja na intakula, inachemka. Sanduku zuri lile, lililozibwa kila upande ili hewa isitoroke, likageuka sufuria.

"Nilisema ifute," mdogo wangu akasema. "Ifute ubebo!"

Kisha gereji nzima ikacheka. Nilisikia spana ikianguka chini. Na yule bwana, ambaye dakika iliyopita alikuwa ameuawa, akafufuka kwa furaha.

"Ngoja, ngoja. Sema vuta."

"Futa."

"Hapana. V-v-vuta."

"Futa."

"Jamani njooni msikie! Rudia."

Na ndugu yangu, mtu mzima, fundi, anayeweza kulijua jeraha la injini kwa kuweka kiganja juu ya bomba, akarudia. Akarudia kwa sababu alidhani akilisema vizuri watamrudishia kazi yake. Mara ya mwisho alilisema polepole sana, meno juu ya mdomo, jasho likimtoka, na bado halikuwa hilo wanalolitaka. Wakacheka wakashiba. Halafu yule bwana akasema, sasa bila kucheka, "Hapo pembeni hapafai, nimeona. Naambia vijana warudishe juu. Na wewe bakia na pickup zako za maziwa." Akakata.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na mpaka leo naitunza vizuri, naipa maji.

Kisomali hakina v. Hakina p. Hatukuziuza, hatukuzipoteza njiani, hatukupewa tu. Kiswahili kwetu ni shati la kwendea ofisini, shuleni na sokoni. Ukifika nyumbani unalivua. Tunalivaa hivyo hivyo, na vifungo vyake viwili havipo, na biashara zinakwenda. Lakini hawa wanaokuja huku kutoka bara, mmoja wao amekaa Garissa mpaka mvi zimemtoka na hajaweza kulitamka jina la mwenye nyumba wake. Herufi zetu za kooni anazikohoa. Majina ya mama zetu anayakata mikia. Je, kuna siku tulimsimamisha mlangoni tukamwambia, rudia, rudia, jamani njooni msikie? Tunamwitikia kwa hilo jina lililovunjika, tunamkaribisha chai. Ndiyo heshima. Heshima ni kuelewa neno la mtu likiwa limefika linachechemea.

Na hata tukiacha lugha. Wewe ni fundi. Mtu amejenga sanduku, ameacha tundu la kutokea, ameagiza feni ya kukaa kwenye tundu hilo, kisha unasikia akisema itoe. Huulizi? Ukiletewa nyumba yenye mlango ukaambiwa uzibe mlango, hupigi simu hata kidogo? Hakupiga, kwa sababu alishaamini kwamba mtu wa huku anaweza kusema lolote. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko.

Mdogo wangu hakukasirika, na hilo pia lilinikasirisha. Alilala. Kwenye mkeka wangu. Pikapu za Bura zilipiga honi nje, hakutoka. Nilimwambia, "Amka, wateja wako wanakungoja." Akasema, "Na wewe wako?" Tukalala wote wawili tukiangalia dari, watu wazima wawili kwenye mkeka mmoja katika joto la Garissa, na mama akapita mlangoni akatutazama.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa ukuta hauanguki kamwe."

Siku moja akanigeukia hukohuko alikolala. "Aboowe, ile kitu iko sawa. Pembeni ndipo mahali pake. Najua. Lakini watairudisha juu, na watu wote wa uwanjani wameambiwa ni mimi niliyekosea. Hakuna atakayejua."

"Mimi najua."

"Wewe hujui hata bonet inafunguliwa wapi."

Ilikuwa kweli. Lakini nilielewa anacholilia. Si kicheko. Alikuwa amelipata jibu ambalo wenzake wote lilikuwa limewashinda, na herufi moja ikalizika kabla halijaonekana. Alitaka gari lile lizunguke na intakula ikiwa pale alipoiweka. Mara moja tu, mbele ya watu walewale.

Basi nikachukua simu nikampigia yule bwana. Mimi, ambaye hata kudai deni la sukari natuma ujumbe. Nikamwambia kwa Kiswahili cha kidato cha nne kwamba amemdhulumu mtu, kwamba kazi imehukumiwa bila kufanywa. Alisikiliza akitafuna kitu.

"Wewe nani?"

"Kaka yake."

"Wewe unaongea vizuri."

"Nimesoma," nikasema, na nilijisikia.

"Basi mlete. Gari bado halijafunguliwa, kuna siku nyingine ya kuzunguka inakuja. Afunge feni yake mwenyewe. Likinifia tena, sitaki kuona simu ya Garissa maisha yangu yote. Na uje naye wewe, uwe mdomo wake. Sitaki tena kubahatisha."

Niliposhusha simu nikakumbuka kwamba Nairobi ni mbali na mimi sijavuka daraja la Tana tangu sijui lini. Nikaanza kutafuta sababu. Nikasema duka litabaki na nani. Mama alikwenda mwenyewe akafunga dirisha, akapiga komeo, akaketi kwenye mkeka wangu.

"Nenda, hooyo," akaniambia. Hooyo ni mama, na mama zetu humwita mtoto kwa jina lao wenyewe. "Mwenzako amechekwa peke yake. Safari hii mchekwe wawili."

Sikujua kwamba alikuwa anatabiri.

Tulifika gereji asubuhi. Nairobi ilikuwa baridi, nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Mafundi walikuwa wamelizunguka lile gari, na yule bwana akanipa mkono kama mtu anayempokea wakili. "Haya, mdomo umefika. Tueleze, feni inakaaje?"

Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima. Nikasafisha koo. Nikasimama kama wakati ule wa kusoma ufahamu mbele ya darasa. Nikawaambia wasikilize kwa makini, nitasema mara moja tu, kwa Kiswahili sanifu: hewa inaingia kwa tundu la pembeni, inapita ndani ya intakula, na feni iliyo nyuma yake kazi yake ni kufuta.

Waliinama. Mmoja alishika tairi asianguke.

"Mnacheka nini?" nikasema. "Nimesema futa!"

"Umesema futa, mzee!"

"Ndiyo! Futa! Si futa, futa!"

Yule fundi aliyepokea ule ujumbe wa kwanza alikuwa ameshatoa simu. Alinirekodi, akanichezeshea. Nikasikia mtu wa Garissa kabisa, mtu wa duka la dirishani, anafuta kila kitu kilichokuwa mbele yake. Maisha yangu yote nimedhani nina v. Walimu walinipa alama za v. Nilikuwa nayo kwenye karatasi, nikadhani na mdomoni imo. Sasa nikaelewa kwa nini siku ile kwenye mkeka nilisikia kila kitu kiko sawa.

Nilimtazama mdogo wangu nikitegemea na yeye anacheka, na angekuwa na haki. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameshavua koti, amelala chini ya gari, tunaona miguu tu. Alitoa lile bati walilozibia. Tukasikia likianguka kwenye sakafu. Akaifunga feni, akaunganisha nyaya, akatoka na mafuta shavuni, akaomba karatasi. Mtu akampa tishu.

Akawasha feni. Akaiachia ile tishu karibu na tundu la pembeni, nyuma ya mlango. Ikaruka kutoka kwenye vidole vyake ikaenda kuganda usoni pa intakula, ikatulia hapo, imebanwa. Akaibandua, akaiachia tena. Ikaganda tena. Halafu akamshika yule fundi mkono, akauinamisha mpaka chini mbele ya gurudumu, kwenye upepo unaotoka.

Yule fundi akakaa na mkono wake pale. "Aah," akasema. "Inavuta."

"Hiyo," mdogo wangu akasema.

Mimi, mdomo wake, nilikuwa nimesimama na sweta zangu mbili. Nilikuwa nimetoka Garissa kuja kusema neno moja, na neno hilo limesemwa na karatasi.

Siku ya kuzunguka ilipofika, uwanjani niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikilaani baridi. Yule bwana akavaa kofia lake kubwa, akaingia kwenye gari kama mtu anayeingia kwenye soksi, akaondoka. Nilimwuliza mdogo wangu tutajuaje kama inafanya kazi. Akasema, "Sikiliza. Ikianza kuchoka utasikia inavuta pumzi." Akafumba macho. Gari likapita, likapita tena. Kila lilipopita alikuwa anatikisa kidole kidogo, kama mtu anayehesabu tasbihi, na mimi nilikuwa namtazama yeye, si gari. Wale wengine walianza kutoka mmoja mmoja kupumzisha magari yao. Hili likaendelea. Kwenye ile kona ya polepole, ambapo mafundi walisema litafia, lilitoka likipiga kelele ileile ya mwanzo.

Liliporudi, yule bwana hakuvua kofia kwanza. Alikuja mpaka ubavuni, akaingiza mkono kwenye tundu akaigusa intakula kwa kiganja. Akauacha mkono hapo. Ndipo akavua kofia, uso umelowa, anacheka.

"Futa!" akapaza sauti. "Jamani, huyu ndiye Futa wangu! Futa, una mkono! Nina gari lingine kama hili, la rafiki yangu, unakuja lini kulifanya?"

Watu wakageuka. Waliokuwa wamesikia hadithi wakaanza kutabasamu. Na mimi kwenye ndoo yangu nikangoja. Nilingoja lile neno fupi ambalo Kiswahili kinalo, halina v wala p, mtoto wa Galbet analisema bila taabu: samahani. Halikuja. Zilikuja pongezi, likaja jina la utani, ikaja kazi nyingine, vyote kwa furaha, kama kwamba hakuna aliyekuwa amemlaza mtu kwenye mkeka.

Nikasimama kusema. Mdogo wangu akanishika sweta.

"Gari ya rafiki yako nitafanya," akamwambia yule bwana. "Lakini kwanza ambia hawa watu ile siku ilikufa kwa nini."

"Si wameona? Leo imekwenda."

"Leo wameona. Ile siku uliwaambia ni mahali. Ulisema bembeni haifai."

Yule bwana akaangalia huku na huku. Nadhani alikuwa anatafuta mzaha, na mdogo wangu hakumpa pa kuushikia. Alikuwa amesimama tu, mikono ya mafuta imening'inia, uso hauna ugomvi.

"Haya," yule bwana akasema. "Ile siku feni haikuwepo."

"Nani aliitoa?"

"Tuliitoa sisi. Na tukaziba tundu. Hatukumwuliza." Alisema akiangalia magurudumu. "Mahali penyewe hapakuwa na kosa."

Pembeni kulikuwa na gari limewashwa, linanguruma. Mdogo wangu akainamisha kichwa. "Hawa wa nyuma hawajasikia," akasema.

Na yule bwana akarudia, kwa sauti, mbele ya watu walewale.

Baadaye mdogo wangu alinitafutia basi. Yeye anabaki, alisema, mpaka hilo gari la pili liishe, labda na zaidi. Nimwambie mama kwa upole, kwa sababu ya presha. Nilimwambia kwamba ningekuwa mimi nisingekubali kazi ya watu hawa, ningewaachia gari lao lichemke. Nilisema hayo meno yakigongana kwa baridi. Akanifunga zipu ya sweta ya juu mpaka kidevuni, kana kwamba mkubwa ni yeye.

"Wewe nenda kakasirike nyumbani, aboowe," akasema. "Huko unakasirika vizuri zaidi."